Mlango wa Maji wa Camden

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Kilburn sote wazima, na mama yako kapona mguu. Umeniuliza ufanyeje, maana baba yako hapokei simu zako tangu uhamie Glasgow.

Ujanani, mimi na babu yako tulipita mfereji wa Camden, hapa hapa London, kwa boti nyembamba ya rafiki yake. Boti ikaingia kwenye chumba cha maji chenye mlango mbele na nyuma, maji yakaanza kujaa, ikawa inapanda. Nikausukuma mlango wa mbele kwa nguvu zangu zote, haukutikisika.

“Ngoja maji yalingane pande zote mbili za mlango,” babu yako akaniambia.

Yalipolingana, mlango mzito ule nikaufungua kwa kuuegemea tu. Mpaka leo nikipita pale husimama kuwastaajabia walioutengeneza.

Basi baba yako usimsukume. Mpigie kila Ijumaa, hata asipopokea, ubaki karibu na mlango.

Bibi yako akupendaye