Maji Hayakukatazwa

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mvua za hapo Katubuka zimekuachia nafasi ya kuanika mihogo? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Kanada inauma mpaka masikio. Mdogo wangu Bahati akusomee hii polepole, maana nina jambo la kujivunia.

Unajua nasafisha sakafu hospitalini. Wiki iliyopita nilimkuta wodini bibi mmoja Mrundi, mgonjwa wa moyo, miguu imevimba. Tangu jana yake alikuwa hajagusa maji, na wauguzi walidhani ni ubishi. Midomo ilikuwa imempasuka. Nikamwamkia kwa Kiha chetu, ambacho Warundi wanakielewa. Akanishika mkono, akalia.

"Mwanangu kanisomea kile kibao cha juu ya kitanda, maji ni marufuku. Mbona basi wananiletea? Wananijaribu?"

Kibaoni paliandikwa neno la Kiingereza, *restrict*. Nikamwuliza muuguzi maana yake.

"Ni kuweka mpaka," akasema. "Anywe, ila asizidishe vikombe vinne kwa siku. Nani kamkataza?"

Nikamrudia bibi. "Hukukatazwa, umepimiwa tu. Hiki hapa cha kwanza."

Alikunywa kidogo kidogo, kafumba macho. Mama, nilisimama pale na dekio langu, nikalia na mimi.

Kesho yake mwanawe aliona aibu sana. Nilikuwa nimelitafuta neno lile kwenye kamusi, nikamweleza kwamba limetoka Kilatini, lugha ya kale ya Roma, na asili yake ni kuvuta kitu nyuma na kukikaza kwa kamba.

"Usijilaumu," nikamwambia. "Neno lenyewe linatisha. Lakini mbuzi aliyefungwa kamba hajanyimwa majani. Anakula mpaka kamba inapoishia."

Akacheka, mara ya kwanza tangu mama yake alazwe.

Jana bibi karuhusiwa kwenda nyumbani. Nami msimamizi wangu kaniita, wanataka nisomee ukalimani! Fomu iliuliza lugha ninazozijua. Unakumbuka tulivyochapwa shuleni kwa kusema Kiha, nikarudi nikakwambia usiniite kwa Kiha mbele ya wenzangu? Unisamehe, mama. Nimekiandika cha kwanza, juu ya Kiswahili, juu ya Kiingereza.

Nisalimie shangazi muuza dagaa wa Bangwe na mjomba fundi cherehani wa Mwandiga. Bahati naye, kwa kukusomea, apokee salamu zake hapa hapa.

Ni mimi bintiyo, uliyenifundisha kusema,
Zawadi