Vidato Mia Moja Sabini na Viwili

Baba,

Barua ya kumfukuzisha kazi Karim, mlinzi wetu wa pale chini, iko chini ya karatasi hii. Nimeiandika mwenyewe, kwa Kiingereza safi, aya tatu, bila kosa hata moja. Ungeiona ungesema, kwa lile jina ulilonipa, "Mwalimu, hapo umefanya kazi." Kesho baada ya sala ya Ijumaa Ami Seif, ndugu yako, atakuja kuichukua ampelekee mwenye jengo. Imebaki sahihi ya Mama tu.

Inasema kwamba mlinzi wa jengo alizembea, lifti ikakaa mbovu, na mtu mwenye presha akalazimika kupanda ngazi mpaka roho ikamtoka. Huo ni uongo, Baba. Mimi naujua, nimeuandika, na sijasema kitu.

Leo ni wiki ya saba. Kaburi lako sijaliona. Wanaume walikuchukua, sisi tukabaki na mikeka na harufu ya udi. Kwa hiyo nakuandikia, maana sina pahala pa kwenda kusimama. Mama yumo edani, hatoki, na mambo ya nje anayajua kwa yale tunayomletea mimi na Ami. Ananiamini. Kila nikirudi skuli ananiuliza, "Yule mtu yupo bado pale chini?" Namjibu yupo. Anageuza uso.

Wiki iliyopita pasipoti zetu zilirudi kutoka ubalozini. Zote tatu, kila moja na visa yake. Yako pia. Ile picha uliyoikataa ukisema umetoka kama mtu anayedaiwa, ndiyo wameibandika. Mama aliifungua, akaitazama, akaiweka chini ya mto. Mimi nilikwenda chooni nikafungulia maji.

Unalikumbuka lile daftari la kijani, tulilopangia safari? Ulisema miaka yote tukipata likizo huku ughaibuni tunakwenda Unguja na masanduku ya watu, na tukirudi tunarudi na masanduku ya watu. Safari hii tutoke kama binadamu wengine, mikono mitupu. "Twendeni Malta," ulisema, "kwa sababu Malta hatuna ndugu." Mama alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Siku zilikuwa nne tu, na Mama akapitisha sheria: fukwe tatu, kila mtu achague mmoja, na hapana kuchaguliana.

Yeye alichagua Mellieha, kwa kuwa maji yake ni mafupi, mtu anatembea mbali na bado yako magotini. "Bahari ya kutembea, si ya kuzama," alisema. Wewe ukachagua Ramla, kule kisiwa cha Gozo, kwenye mchanga mwekundu. Hukusoma hata mstari mmoja. Uliposikia jina tu, ramla, mchanga kwa Kiarabu, ulisema hao ni Waarabu wenzetu, wameuita mchanga mchanga, huko hatupotei.

Mimi nilichukua wiki nzima. Unanijua. Niliazima kitabu maktaba ya skuli, nikachora jedwali: upepo, kivuli, choo, umbali wa kituo cha basi. Niliandika fukwe kumi na moja nikazikata moja moja. Ikabaki Ghajn Tuffieha. Nilikwambia maana yake ni chemchemi ya tufaha, ukasema kumbe na Kiswahili wanakijua. Kisha nikasoma lile jambo ambalo laiti ningeliacha likae kitabuni: ufukwe uko chini ya kilima, na kuufikia lazima ushuke ngazi, vidato karibu mia mbili.

Ulishika tumbo kwa mikono miwili. "Kushuka, sawa," ulisema. "Na kupanda atanipandisha nani?"

Mimi sisemi sana mbele za watu, hata mbele yenu. Sijui siku ile ulimi ule nilipewa na nani. Nilisema, "Basi wewe baki juu utulindie viatu."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Wewe ulicheka kuliko yeye. Nami nikafurahi, Baba, nilifurahi kweli, kwa sababu sikuwahi kuwachekesha nyote wawili kwa pamoja. Nilikwenda kitandani nikayarudia maneno yale peke yangu kama mtu aliyepata maksi zote.

Siku mbili baadaye uligonga mlango baada ya Alasiri. Mama alikuwa kwa jirani, kwenye darsa la dini. Ulikuwa umelowa jasho, viatu vyako vya makubadhi huna, unapumua kama uliyefukuzwa. Ukanionesha ile tasbihi yako ya kidole, ya kubonyeza, yenye namba. Ilisoma mia moja. "Nimepanda kwa miguu toka chini mpaka hapa," ulisema. "Vidato mia. Nikipanda mara mbili ndiyo ufukwe wako. Mama yako asijue, tutamshitua hukohuko." Ukanieleza kwamba makubadhi unayaacha kwa Karim, kwa kuwa yanapiga kelele ngazini na Mama angeisikia miguu yako tangu ghorofa ya tatu.

Nilikuwa nikiandika namba zako nyuma ya daftari. Mia moja. Mia moja na ishirini. Mia moja na arobaini, ulipumzika mara mbili. Presha yako nilikuwa naijua. Vidonge vyako nilikuwa nakuletea mimi na maji. Nasoma vitabu vyote hivi, Baba, na haikunijia hata mara moja kusema basi. Nilikuwa naona fahari. Mtu aliyekuwa akichukua lifti kwenda ghorofa ya kwanza alikuwa anapanda kwa ajili ya ufukwe niliouchagua mimi.

Siku ile ya mwisho nilikuwa nyumbani. Nilikusikia ukija mara ya kwanza. Uligusa mlango kwa ukucha, ishara yetu, ukageuka ukashuka na lifti ili uanze mara ya pili. Nilikaa na penseli nikisubiri. Nilisubiri, nikadhani umekutana na mtu mnazungumza.

Karim ndiye aliyekukuta, baina ya ghorofa ya tatu na ya nne. Yeye ndiye aliyepiga kelele, na yeye ndiye aliyekushika kichwa mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Watu walipouliza ulikuwa unatafuta nini ngazini, hakuna aliyejua. Ami Seif akasema lifti. Wiki ile ilikuwa imekufa siku mbili, kila mtu aliliona lile tangazo lililobandikwa, na wote wakakubali ni lifti. Hata miguu yako mitupu waliielewa hivyo, wakasema makubadhi yatakuwa yamepotea katika zile pirika. Karim alisimama mlangoni kwetu siku ya tatu, kofia mkononi, akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga kwamba lifti siku ile ilikuwa nzima. Ami akamwita muongo mbele za watu. Karim alinitazama mimi. Alikuwa anajua kwamba najua, na nadhani alikuwa akisubiri nimpe ruhusa, maana wewe ulimwambia ni siri.

Nilitazama chini, Baba. Nilitazama zulia mpaka akaondoka.

Na si hilo tu. Hospitali walitukabidhi saa yako na ile tasbihi. Namba ilikuwa haijafutika: 172. Mama aliishika akaibusu. Alimwambia kila mwanamke aliyekuja kutoa mkono wa pole, "Mume wangu amekufa akileta dhikri. Mia moja sabini na mbili. Hii hapa." Ameifunga kwenye kitambaa cheupe asije mtu akaibonyeza. Kila baada ya sala anaifungua, anaitazama namba, anaifunga tena. Ndiyo inayomlaza.

Nikisema kweli namwokoa Karim, lakini namnyang'anya Mama kitu pekee ulichomwachia. Nikinyamaza, mzee wa watu anarudi kwao hana kazi kwa sababu ya maneno yangu mawili, ufukwe na viatu. Nimelifikiri hili mpaka kichwa kinaniuma. Skuli nimeacha kuinua mkono hata pale ambapo jibu nalijua. Nimekuomba unijie usingizini uniambie la kufanya, na hujaja, na siku nyengine nakukasirikia kwa hilo. Ulikuwa na haja gani ya kupanda? Ilikuwa mzaha. Ungenikaripia ningenyamaza, kunyamaza ndiyo kazi yangu. Ungebaki juu, ungekaa kwenye benchi, ungekula aiskrimu, tungepanda tukakukuta.

Mama ananiita. Amevaa miwani. Anataka kutia sahihi.

*

Baba, nimerudi. Kalamu hii ni nyengine, ile ya kwanza imebaki kule.

Alikuwa ameshaiweka ncha kwenye karatasi. Nilitaka kuanza polepole, tangu Malta, tangu daftari. Lakini nikasema moja kwa moja, "Mama, lifti ilikuwa nzima." Halafu yakatoka yote bila mpango, mazoezi, makubadhi, namba nyuma ya daftari, na yale maneno ya viatu ambayo alikuwapo nilipoyasema. Nilipofika kwenye tasbihi nikamwonesha daftari. Namba zako zote, na chini yake mstari nilioutayarisha siku ile, ambao hauna kitu.

Hakulia. Hilo lilinitisha zaidi. Alivua miwani, akafungua kitambaa, akaitazama namba. Nilidhani ataitupa.

Akauliza, "Vidato hivi alikuwa anavihesabu kimoja kimoja?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, kama anayezungumza na kitambaa, "Baba yako hata kwenye kiti alikuwa hainuki bila kumtaja Mungu. Ya Rabbi, ya Rabbi, mpaka nikimwambia hebu inuka kimya. Leo apande vidato mia na sabini na viwili, na hilo tumbo, awe kimya?" Akaifunga tena tasbihi vilevile, mafundo mawili.

Kisha akachana barua. Si kwa hasira. Aliikunja kwanza, akaichana kwenye mkunjo.

Mimi hakunishika. Nilikuwa nimesimama karibu, angeweza. Alisema, "Hiyo ya viatu, Zuwena, na mie nilicheka. Niache kidogo." Akampigia simu Ami Seif, akamwambia kesho aje, lakini aje kumtaka radhi mtu. Ami nilimsikia akipandisha sauti. Mama akasema, "Khalas, Seif, basi," akakata.

Halafu akaingia jikoni. Akapakua wali na mchuzi wa papa kwenye ile sahani kubwa ya wageni, akaufunika kwa kawa, akanipa. Akasema, "Mpelekee yule mzee. Mwambie mimi siwezi kushuka."

Baba, tangu siku ile nilikuwa sijazikanyaga ngazi. Nilikuwa naingia kwenye lifti nikifumba macho. Leo nimeipita lifti, sahani mikononi, nikashuka kwa miguu nikihesabu. Kutoka mlangoni kwetu mpaka pale ulipoanguka ni vidato ishirini na nane. Sikujua. Ulikuwa umebakisha ishirini na nane. Hapana kitu pale, ukuta tu wenye rangi ya krimu na mtu ameandika namba ya fundi wa viyoyozi. Nilisimama, nikaisoma namba ile yote, nikaendelea.

Karim alikuwa kwenye kiti chake. Alipoliona lile kawa alisimama. Nilimwambia kwa Kiarabu kwamba Mama anajua, nimemwambia mimi, na kwamba nimechelewa. Nilitaka kusema zaidi, lakini machozi yalitangulia. Alipokea sahani kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza, akaingia chumbani mwake. Alirudi na mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Ndani mlikuwa na makubadhi yako. Ameyapiga rangi. Wiki saba ameyaweka chini ya kitanda, hakuthubutu kuyaleta juu, maana kuyaleta kungekuwa sawa na kusema.

Nimepanda nayo, vidato mia. Pale pako nilipumzika. Sasa yako hapa mezani pembeni ya daftari, na Mama ameshapita mara mbili mlangoni akiyatazama. Hajaingia bado.

Sijui kama tutakwenda Malta. Visa zitapita, na eda ya Mama haijafika hata nusu. Labda nitakwenda nikiwa mtu mzima. Sijui kama siku moja nitaacha kuyasikia maneno yale kwa sauti yangu mwenyewe. Lakini ufukwe wangu sijaukata kwenye jedwali. Ninaahidi nitakwenda, na makubadhi haya yatakuwa mkononi mwangu, na nitakaposhuka nitahesabu kwa sauti, mimi nisiyesema mbele za watu, nikimtaja Mungu kila kidato kama ulivyokuwa ukifanya.

Kwaheri, Baba yangu. Mungu akulaze pasipo na ngazi. Wewe tangulia chini ukaoge.

Viatu nitavilinda mimi.

Mwanao,
Zuwena