Habari ya Kifo Chako Ilikatwa Mwishoni

Kaka Seif,

Nakuandikia kutoka ofisini kwetu Mkuza, hapa Kibaha, kama chumba kile chenye meza moja kinastahili kuitwa ofisi. Mwenye nyumba aliuliza kama nitaendelea nacho peke yangu. Nikamwambia ndiyo. Sijui hata kwa nini nilisema ndiyo.

Hujui siku ile ilivyokwenda, acha nikueleze. Mhariri alinipigia kutoka Dar. Alikuwa bado hajajua ni nani. Akasema, "Zuhura, lori limegonga bodaboda huko kwako, abiria amefariki. Wahi, ukurasa unafungwa." Nikaenda. Wamama wauza matunda walikuwa wameshakufunika khanga, nikakutambua kwa viatu.

Nilikaa chini pembeni ya barabara nikaandika kwa simu. Nilifanya kazi, kaka. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Nani: niliandika majina yako matatu. Nini, wapi, lini, vipi, vyote nilivipata. Kwa nini, sikupata. Lori halikusimama na hakuna aliyewahi kusoma namba. Dereva wa bodaboda alikuwa amevunjika mguu, analia tu, hakuna la kunukuu.

Ulinifundisha kuweka jambo zito juu na mengine chini, ili mhariri akibanwa na nafasi akate kutoka mwishoni na habari ibaki nzima. Nikafuata. Aya ya mwisho ilisema umeacha mama, Bi Mwanahawa, mkulima wa Marui, wilayani Kisarawe. Usiku likaingia tangazo la magodoro. Gazeti lilipotoka, aya ile haikuwepo.

Tulikuzika Marui. Watu walipopungua, mama yako akaniita ndani, akanipa lile gazeti aliloletewa na mjomba wako. "Nisomee, mwanangu. Macho yangu hayaoni maandishi madogo." Nikasoma kichwa cha habari, nikasoma aya ya kwanza, nikashuka hadi chini. Yeye anasubiri. Ningeweza kuongeza ile sentensi kwa mdomo, nani angejua? Lakini kila Jumatano ulikuwa unawaambia wale wanafunzi wako wa uandishi kule Mbwawa kwamba lisilochapwa halisomwi. Nikakomea pale habari ilipokomea.

"Basi?" akauliza.

"Basi, mama."

Akakunja gazeti akaliweka chini ya mto. Hakuniuliza jina lake liko wapi. Bora angeniuliza.

Tangu hapo nimekuwa nikienda kituo cha polisi kuulizia lile lori. Wananikaribisha vizuri, wananipa kiti, wananiambia uchunguzi unaendelea. Nimerudi pale barabarani nikawauliza wale wamama mmoja mmoja. Mmoja anasema lilikuwa la bluu, mwingine anasema jeupe. Vyanzo viwili, kila kimoja na lake, na mimi siwezi kuandika rangi ya kubahatisha.

Mhariri nimemwomba nafasi ya habari ya ufuatiliaji, hata fupi, ya pembeni. Si mtu mbaya, unamjua. Alisema, "Zuhura, nipe jipya. Amekamatwa mtu? Limepatikana gari? Kama hakuna jipya, hiyo si habari." Wewe mwenyewe ungemwambia mwandishi mwingine hivyo hivyo.

Juzi nilikwenda Marui, mama akaniuliza nimefikia wapi. Nikamweleza kama nilivyoambiwa. Alikuwa anamenya mihogo, akaacha. Akasema, "Mwambie huyo bwana jipya lipo. Mimi kila nikiamka ndiyo kwanza naambiwa Seif hayupo."

Nililiandika, kaka, hivyo hivyo alivyosema, ndani ya alama za kunukuu. Nikamtumia mhariri. Alinipigia, akasema, "Nimelisoma. Pole sana." Halijatoka. Sidhani kama litatoka.

Wanafunzi wako sasa nawafundisha mimi. Jumatano iliyopita binti mmoja, Rehema, yule anayekaa dirishani, aliniuliza, "Mwalimu, kama mwandishi amefanya kila kitu sawasawa na bado hakuna kilichobadilika, anafanya nini?" Darasa zima likaniangalia. Nikasema tutaendelea wiki ijayo, nikatoka nje nikajifanya napokea simu. Wiki ijayo ni kesho. Wa kumuuliza ulikuwa wewe.

Siwezi kukuahidi kwamba lori litapatikana. Nimejaribu kuiandika ahadi hiyo mara kadhaa hapa, nimeifuta. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo: mama yako hatakaa Marui akidhani watu wa Kibaha wamemsahau. Mahindi yakikomaa nitakwenda kuvuna naye, nitalala huko, na akitaka kunisimulia utoto wako nitamsikiliza mpaka achoke. Sitachukua kalamu.

Lala salama, kaka yangu. Mwenyezi Mungu akupe nafasi pana huko uliko.

Zuhura