Mbwa wa Kwanza Tangu Uende

Bi Zuhura,

Jana tulimtoa mtoto wa mbwa kwa upasuaji, wa kwanza tangu ututoke. Alikuwa mmoja tu tumboni, nakala iliyooteshwa kutokana na chembe za ngozi ya mbwa aliyemfia mzee mmoja wa mji wa Stafford. Nilishamwambia mume wangu kwamba huyu akifa, naacha kazi. Maabara hii bila wewe sikuiweza.

Alitoka kimya, ulimi wa buluu. Wenzangu wakanitazama mimi, kama tulivyozoea kukutazama wewe. Nikamfuta pua, nikamfunga taulo, nikamsugua mgongo huku nikikusikia: “Wewe usi-panic, mwanangu. Sugua tu! Usichoke kabla yake.” Nikasugua mpaka mabega yakauma. Mwishowe akapiga chafya, akalia. Na mimi nikalia mbele ya watu wote.

Asante, Bi Zuhura. Nilifika Lewisville, huku ughaibuni, na shahada ya udaktari wa mifugo ya nyumbani ambayo haikuniruhusu hata kumdunga mbuzi sindano. Nilikuwa naosha vizimba. Wewe ulinikuta, ukanivuta hadi kwenye darubini, ukanifundisha kutoa kiini cha yai la mbwa bila kulipasua. Niliharibu mayai mengi, na hukuninunia hata siku moja.

Unakumbuka kopo lako la udongo pale sinki? Mimi mtu wa Kitale, najua nini! Nilidhani mche wako umekufa, nikawa naumwagilia maji kila asubuhi. Ukaja kukuta tope. Ulicheka hadi ukashika meza, ndipo ukanieleza kwamba ukilambwa na mbwa sharti ujitwaharishe kwa udongo kabla ya kuswali. Ndugu zako Mombasa walikusema sana kwa kazi hii. Wewe ulijiosha, ukaswali, ukarudi kwa mbwa wako.

Leo yule mzee alikuja, akauliza kama ni mbwa wake yule yule. Meneja alitaka nitabasamu tu. Nikamjibu kama ulivyokuwa ukiwajibu wenye mbwa: huyu ni mwingine, hajui lolote la mwenzake, itabidi wazoeane upya. Akaomba kumpakata.

Nimekulilia sana, mama. Lakini siachi tena kazi, na jike aliyembeba tumboni nitamtafutia nyumba nzuri, kama ulivyowatafutia wote.

Tangu uende nimekuwa nikitumia darubini nikiwa nimesimama, nisikikalie kiti chako. Kesho nitakikalia.

Pumzika, mwalimu wangu.

Wako,
Nekesa