Mama Ameona Kile Kijiti

Abubakar,

Ndengu ziko kwa jiko, ongeza maji zisiungue. Chai iko kwa chupa. Nimeenda kwa dada yangu kule Emali. Sijakukasirikia, ni aibu tu.

Asubuhi mama yako alipata kile kijiti cha kupimia nilichosahau bafuni. Akaona mistari miwili, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. "Tumu ana mimba!" Nilitaka kumwambia hicho si cha mimba, kinaonyesha tu kwamba yai linakaribia kutoka, na kwa vile siku zangu hurukaruka napima karibu kila asubuhi. Lakini alikuwa amenishika mikono akilia. "Mwanangu, nisamehe yote niliyokusema juu ya kukosa mtoto." Nikamwacha aamini.

Sasa ameenda sokoni kutafuta kuku. Tafadhali ~~mwambie ukweli kabla sijarudi~~ usimwambie kitu. Nitarudi jioni nimwambie mwenyewe, hata kama ataanza tena yale maneno.

Na safari yako ya lori ingoje kesho, Abu. Leo lala nyumbani, ile mistari ni miwili kweli.

Mkeo,
Tumu