Mzinga Wako Uko Juu ya Kitanda cha Mama

Katelembo,
S.L.P. 318,
Machakos.

Jumanne, 13 Januari 1998

Mpendwa kaka Kisilu,

Pokea salamu zangu, ingawa nazitoa nikiwa nusu nimekaa, nusu nimesimama. Hujambo wewe, shemeji Kavutha na watoto? Huko Eldoret mvua imewaachia barabara? Sisi mwili ni mzima. Moyo wangu ndio hautulii, na utanisamehe nikiruka huku na huku.

Alhamisi iliyopita upepo ulikuja na mvua hii ya El Nino, ukaupasua mti wa mukau ulio nyuma ya nyumba ya Mama, ule Baba aliopanda mwaka ulipozaliwa. Tawi kubwa limechanika pale linapotoka kwenye shina, lakini halikuanguka. Limeinamia mabati, sawasawa na kitanda cha Mama. Na kwenye tawi hilo hilo kuna mzinga wako, ule Baba aliokuachia, na nyuki wamo.

Unatujua. Mzinga wa mtu haushikwi bila neno lake, kwa hiyo kila anayekuja anatazama juu, anatikisa kichwa, anaenda zake.

Nilimwita Urbanus, yule mpasuaji mbao wa Wamunyu. Aligonga shina lote kwa nyundo akisikiliza, akakagua udongo kwenye mizizi. Anasema shina ni zima na mizizi haijainuka, hakuna haja ya kuuangusha mti, ingawa binamu zetu wameshagawana mbao kwa mdomo. Litoke tawi tu, vipande vipande kuanzia nchani, kila kipande kifungwe kamba na kuteremshwa polepole. Akatukataza kupita chini yake au kuegemeza ngazi. Lakini alipouona mzinga alikunja kamba yake.

"Mimi siwezi panda hapo na hiyo mzinga iko na nyuki," alisema. "Itolewe kwanza, ndio nikuje."

Ijumaa nilipanda juu ya pipa, nikachomeka kijiti kwenye ufa. Kilikaa imara. Jana kilikuwa kinacheza. Leo asubuhi kimetumbukia ndani. Wanaosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuuona ufa huu.

Nimemsihi Mama alale kwangu. Hataki. Nimelia mbele yake, kaka, na unajua mimi si mtu wa kulia. Akaniuliza kama nimekula.

Nilidhani ni mila ya mzinga inayomzuia. Basi jana jioni baba mdogo Nzomo alikuja na kamba na kuni za moshi. Yeye na Baba walitumia alama moja ya ukoo kwenye mizinga yao, angeushusha na hakuna mtu angenuna. Mama alimpa chai, wakaongea habari za mahindi, kisha akamrudisha kwake.

"Mzinga ni ya Kisilu," alimwambia. "Mwenyewe akuje."

Nimetoka kidogo kutazama. Upepo umeanza tena na tawi linalia.

Jana alipomrudisha baba mdogo ndipo nilipoelewa, na nimewakasirikia nyote wawili. Huu mwaka wa nne tangu tumzike Baba, na hujakanyaga hapa kwa sababu ya maneno mliyorushiana siku ya matanga. Salamu mnazipitisha kwangu kama mimi ndiye posta. Yeye hawezi kukuita, wewe huwezi kuja bila kuitwa. Sasa amelaza kichwa chini ya tawi, anangoja.

Barua hii anaileta Mike, mume wa Ndila, anayepita huko na lori kutoka Mlolongo. Anarudi Ijumaa na amekubali kukubeba. Jumamosi kabla ya jua kutoka, wewe na baba mdogo mtashusha mzinga, halafu Urbanus aanze kazi. Usipokuja nitamwambia baba mdogo aushushe peke yake, na Mama anichukie mimi. Afadhali anichukie akiwa hai.

Nisalimie shemeji, na Lenny na Wendy, wasiomjua nyanya yao. Mungu akushike mkono njiani.

Mama hajui kwamba nimekuandikia. Lakini asubuhi nimemkuta ameanika uani lile blanketi lako la kijivu. Ukifika, usianze na mti. Ingia kwake kwanza.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Mueni