Sababu Kando ya Jina

Jumatano, 11 Juni
Nimechuma chai hadi saa sita. Mgongo unauma. Mchana baraza kwa naibu wa chifu, habari ya basari za kaunti. Afisa alisema mwaka huu majina ya waliopewa yatabandikwa hadharani, kila mtu aone pesa ya serikali imeenda kwa nani. Makofi. Nikasimama. Nikasema jina tupu halitoshi, waandike na sababu ya kupewa. Mwaka jana watoto wa wenye maduka walipata, wa maskini wakarudi nyumbani. Afisa akakubali papo hapo. Onchiri, jirani yangu, akanipiga bega: "Mzee, leo umeongea kama wakili!"
Nimerudi kifua mbele. Hakuna wa kumsimulia. Tangu mke wangu Nyaboke afariki, namsimulia ng'ombe.

Jumatatu, 16 Juni
Karatasi zimebandikwa ofisi ya wadi. Moraa wangu, aliye bweni Sironga, amepata! Nilicheka peke yangu pale mbele ya watu. Kisha nikasoma kando ya jina lake. Yatima. Wazazi wote wamefariki.

Moraa ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Yeye na mkewe walifia Nyamarambe, walikokuwa na kibanda cha nguo, mtoto hajaota meno. Nyaboke akamleta hapa Gesima mgongoni. Watu wazima wote hapa wanajua na wamefunga midomo. Kwetu mtoto wa ndugu ni wako, atakuita tata, yaani baba, na hakuna anayeongeza neno. Tulikubaliana na Nyaboke tutamwambia akimaliza shule. Fomu niliijaza ukweli kwa sababu naibu wa chifu anaujua. Nilidhani itaishia kabatini.
Na nakala zinapelekwa shule zote. Mdomo uliponza kichwa.

Jumanne, 17 Juni
Nilikwenda kumwomba afisa afute sababu ya Moraa, abakishe jina. Akashangaa. "Mzee, si ni wewe uliyetaka?" Foleni nzima ikasikia. Onchiri alikuwepo. Anajua kila kitu, lakini aliangalia chini akasema, "Ukifutiwa wewe, na wezi watataka kufutiwa." Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo.
Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Jumatano, 18 Juni
Sironga. Niliondoka mapema nimwambie mwenyewe kabla hajaona. Karatasi ilikuwa tayari ukutani, nje ya bwalo lao la chakula.
Moraa aliitwa langoni. Macho mekundu. Aliniuliza, "Ni kweli?" Aliuliza kwa Kiswahili. Mimi na yeye hatujawahi kuongea Kiswahili. Hicho ni cha ofisini na cha wageni. Nikamjibu kwa Ekegusii kwamba ni kweli. Kengele ikalia, akaenda darasani. Nilikuwa nimembebea ndizi mbivu. Nikamwachia mlinzi.

Sabato, 21 Juni
Kanisani watu walinishika mkono. Kumbe mwenye duka mmoja alimwandikisha mwanawe kuwa hana mzazi. Watu wakasoma, wakapiga kelele, mtoto ameondolewa, nafasi imepewa msichana wa mjane. "Ni kwa ajili yako, Mzee Ombati." Mjane mwenyewe alilia mbele yangu. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli. Nikatoka kabla ya wimbo wa mwisho.

Alhamisi, 26 Juni
Wamefunga kwa likizo fupi. Amefika. Amechota maji, amepika ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, akaniwekea. "Chakula kiko tayari." Kiswahili tena. Hajaniita kitu chochote tangu aingie. Nasubiri neno moja tu kama mtoto anavyosubiri mandazi. Nyumba yenye watu wawili inaweza kuwa kimya kuliko ya mtu mmoja. Sikujua.

Sabato, 28 Juni
Baada ya ibada aliomba kuona kaburi la kaka. Liko nyuma ya migomba, amelipita maisha yake yote akijua ni la ndugu yangu. Nimemweleza yote. Kibanda, ugonjwa, jinsi kaka alivyopenda kucheka. Akauliza pua yake ni ya nani. Nikasema ya mama yake. Akaishika.
Kisha aliniomba nimwache pale. Nilikaa jikoni nikamwonea wivu kaka yangu. Marehemu! Nilimtunza mtoto miaka yote, na yeye kwa kulala tu udongoni amepata alasiri nzima. Ni mawazo mabaya siku ya Sabato. Lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Jumapili, 29 Juni
Nimemrudisha Sironga. Njiani aliniuliza kama mgongo bado unauma, na nikachuma jani hilo moja nikaliweka moyoni. Langoni mlinzi alikuwa mgeni. Akamuuliza Moraa ameletwa na nani. Moraa aliniangalia. Hakuwa na hasira.
"Baba mdogo," akasema.
Hakukosea. Nilimpa sanduku lake, akaingia, akageuka mara moja akapunga mkono. Nikapunga.
Nimefika na mvua. Nimekula viazi vya jana. Kesho chai, mvua ikikatika.